Maji ya Baba Mkuu, Maji ya Ukombozi

Nimestaafu nikiwa na hasira. Nasema mapema, ili anayetafuta maneno matamu ya bibi aliyepumzika ajue kwamba anaweza kuishia hapa akarudi kusahihisha madaftari yake.

Ninyi walimu vijana wa Historia mmeniomba niwaandikie jinsi nilivyokuwa nikifundisha ile mada ya kidato cha sita: kulinganisha utawala wa mfalme asiyeulizwa na utawala wa kiongozi wa mapinduzi. Mnasema watoto wanaikariri bila kuielewa. Wanajua kwamba mfalme wa mwisho wa Urusi aliamini amepewa nchi na Mungu, na kwamba aliyekuja baada yake aliwaahidi watu mkate, ardhi na amani. Wanaandika hivyo, wanapata alama, wanasahau. Mimi sikuweza kusahau, kwa sababu niliishi chini ya wote wawili, katika shule moja, kando ya ziwa moja.

Nilizaliwa juu milimani, upande wa Mbinga, kwenye kahawa na mahindi. Nilipopangiwa shule ya ufukweni nilishuka na lori la maharage, nimekaa juu ya magunia, nimeshikilia begi langu na godoro. Kadiri tulivyoteremka joto liliongezeka, na hadi kufika chini nilikuwa nimevua sweta mbili. Usipa, dagaa wa ziwa lile, ulikuwa umeanikwa kila mahali, hadi pembeni mwa uwanja wa mpira wa shule, na kuku wa walimu wakipita juu yake kama wakaguzi. Nilijiuliza nitaishije mahali ambapo hata hewa ina samaki. Mwezi mmoja baadaye nilikuwa nagombania fungu la usipa sokoni kama mwenyeji.

Mkuu wa shule aliitwa Mzee Ditram. Wanafunzi walimwita Baba Mkuu, na walimu pia, isipokuwa walipokuwa mbali sana. Nilimkuta amekaa barazani pa ofisi, kwenye kiti cha mninga chenye mikono mipana.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Unafundisha nini?"

"Historia."

"Vizuri. Historia ya hapa ni fupi. Shule hii ni mimi niliyeijenga na ni mimi ninayeiongoza. Nenda kapumzike, kesho una vipindi."

Hakuwa anatania. Kila asubuhi wanafunzi wawili walikibeba kile kiti hadi mstarini, yeye akakaa, shule nzima ikasimama. Kikao cha walimu maana yake ilikuwa yeye kusema na sisi kuandika. Mwalimu wa Hisabati aliwahi kuuliza kama pampu ya maji inaweza kutengenezwa. Mzee Ditram alimtazama kwa upole, akampa zamu muhula mzima. Hakuna aliyeuliza tena habari za pampu.

Mavuvi yakiwa mazuri na jikoni wakaleta mbasa, wale samaki wanono wa ziwani, wakubwa walipanda kwanza nyumbani kwa mkuu, kwenye kilima juu ya shule. Wanafunzi walipata mchuzi. Shamba lake la mihogo lililimwa na kidato cha kwanza na cha pili, kila Jumamosi. Na kila jioni wasichana wa zamu walichota maji ziwani wakampandishia kilimani, ndoo kichwani, wakayamimina kwenye mapipa yake. Hakuna aliyejiuliza kwa nini. Ilikuwa desturi, kama kengele.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Erasto, mzee wa Kihagara, Mwanglikana wa ukoo wa wavuvi, mkuu wa idara yetu ya Historia. Idara ilikuwa yeye na mimi. Alinikuta siku moja naandika ubaoni sifa za mfalme, moja hadi kumi, watoto wananakili huku wakipiga miayo. Alisubiri kipindi kiishe.

"Dada Romana, hiyo ni orodha ya sokoni," aliniambia. "Watanunua, watakula, basi."

"Nifanyeje, Mwalimu?"

Alitoa mfukoni uzi wa nyavu, akausugua kwenye vumbi la chaki. Akanipa ncha moja niishike juu ya ubao, yeye akashika ya chini, akauvuta uzi katikati kwa kidole na kuuachia. Ukaacha mstari mweupe ulionyooka kuliko wa rula yoyote. Mpaka leo sijaona njia bora ya kugawa ubao.

"Kushoto mfalme, kulia mwanamapinduzi," alisema. "Usiwaulize watoto nani alikuwa mtu mwema. Wote wawili walikuwa na mama zao waliowapenda. Waulize mambo matatu. Nani anakula kwanza? Nani anabeba? Na anayesema hapana, kesho yake yuko wapi?"

Nilifundisha hivyo hadi siku ya mwisho. Mkichukua hilo tu katika maandishi haya, mtakuwa mmechukua la maana. Na tafuteni uzi wa nyavu, wa pamba unakatika.

Sasa nije kwa Mwalimu Bosco. Alikuja kijana, mwembamba, mwenye sauti inayofika nyuma ya darasa bila kupazwa. Alifundisha Uraia na alikuwa mwalimu mzuri kwelikweli, sitamnyang'anya hilo. Alipokuwa zamu alikula na wanafunzi kwenye foleni. Wanafunzi walimfuata kila alikokwenda. Jioni tulikaa naye kwenye kibaraza changu, tunakunywa chai, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kwa sauti kile tulichokuwa tunakifikiria.

"Shule haiwezi kuwa mali ya mtu mmoja," alisema. "Siku moja wataumia watoto hapa, na sisi tutaulizwa tulikuwa wapi."

Waliumia. Ilikuwa majira ya mwera, ule upepo wa kusini unaoinua mawimbi. Ufukweni kulikuwa hakuchoteki, kwa hiyo wasichana wa zamu walikwenda kwenye mdomo wa mto, penye matete, ambapo maji yametulia. Kila mtu wa pale anajua kwa nini watu hawachoti maji penye matete. Lakini mapipa ya Baba Mkuu yalipaswa kujaa. Mamba alimshika Tumaini, msichana wa kidato cha pili, mguu wa kulia. Wenzake hawakukimbia. Mmoja, Anjela, binti wa mkulima wa kahawa kutoka Kingerikiti, alimshika mikono akavuta, wengine wakampiga yule mnyama kwa ndoo hadi akaachia. Mimi na Bosco tulifika wakati wanamtoa kwenye matope. Anjela alikuwa bado amemshika mwenzake mikono miwili, na tulipomwambia amwachie ili tumbebe, hakusikia. Ilibidi nimfungue vidole kimoja kimoja.

Tumaini alipona. Hospitali walimkata mguu chini ya goti.

Kesho yake Mzee Ditram alikaa kwenye kiti chake mstarini akasema, "Nimewaonya mara nyingi. Msichezee majini."

Nimesikia mambo mengi katika kazi hii, lakini sijasikia tena neno lililonichoma namna ile. Mchana aliita kikao, akarudia lile lile ili tuliandike. Ndipo Bosco aliposimama.

"Mzee, hawakuwa wanacheza. Walikuwa wanakuletea maji ya kuoga."

Mzee Ditram hakukasirika hata kidogo. Alimwambia, "Kaa chini, kijana." Bosco hakukaa. Alitoka nje. Mimi nikatoka, Mwalimu Erasto akatoka kwa mwendo wake wa taratibu, na mmoja baada ya mwingine ofisi ikabaki na mkuu na makamu wake. Tulikwenda hadi ofisi za halmashauri, tukarudi na wazazi nyuma yetu, na mama yake Tumaini mbele. Mama huyu alikuwa mkaushaji wa usipa, mtu asiyezoea kusema mbele za watu, na siku ile hakusema. Alikwenda tu mbele, sisi tukamfuata.

Mkuu aliondolewa. Aliondoka na lori, amefunga kiti chake juu ya mizigo yote, na hakumuaga mtu. Wanafunzi waliimba hadi wakapoteza sauti. Halafu Bosco akateuliwa kuwa mkuu wa shule, na mimi sijawahi kufurahi kazini kama nilivyofurahi siku hiyo.

Nampa haki yake yote, maana hasira bila haki ni kelele. Mwaka wake wa kwanza ulikuwa mzuri. Alipanda kilimani na ndoo yake mwenyewe, begani, watoto wakimwona. Mbasa waligawanywa, hata kama kila mmoja alipata kipande cha ukubwa wa kidole. Shamba la mihogo likawa la jiko la shule. Kila Ijumaa kulikuwa na baraza la wanafunzi, wajumbe wamechaguliwa kwa kura, na yeye akakaa benchi la nyuma akisikiliza. Aliliita Baraza la Ukombozi. Siku ile tuliyotoka kwenye kikao ikaitwa Siku ya Ukombozi, ikasherehekewa kila mwaka kwa nyimbo na maigizo. Tumaini alipandishwa jukwaani na magongo yake, watu wakapiga makofi.

Mwalimu Erasto alikuwa amestaafu, anaishi Kihagara na nyavu zake. Nilimtembelea nikamsimulia yote hayo. Alifurahi, kisha akasema, "Mungu ajalie idumu mpaka kura ya kwanza atakayoshindwa."

Nilimwona mzee asiyependa mema. Aliyekuwa ameishi zaidi ni yeye.

Bosco alitaka kujenga ukumbi, na ukumbi wenyewe uitwe wa Ukombozi. Matofali yangefyatuliwa na wanafunzi. Matofali yanataka maji, na pampu bado ilikuwa imekufa. Wasichana walirudi ziwani na ndoo, mara mbili kwa siku, na upepo ukivuma walirudi penye matete. Baraza lilikaa Ijumaa likapiga kura: kazi ya matofali isimame mpaka pampu itengenezwe. Anjela, wakati huo akiwa kidato cha tano, ndiye aliyetoa hoja. Ilipita karibu kwa sauti moja.

Jumatatu mkuu alitangaza mstarini kwamba baraza limeingiliwa na watu wanaotamani enzi ya zamani, kwa hiyo limevunjwa. Mahali pake ataunda Kamati ya Umoja. Wajumbe aliwataja palepale, na wote walikuwa watu wake. Kazi ya kamati, tulikuja kuielewa polepole, ilikuwa kukaa mabwenini na madarasani na kupeleka ofisini kilichosemwa.

Wale wanaofundisha mada hii tayari wanacheka kwa uchungu. Mfalme wa Urusi alivunja mabunge yaliyomuudhi. Mwanamapinduzi alivunja bunge lililochaguliwa baada ya kukaa mara moja tu, kwa sababu chama chake hakikupata wingi. Polisi wa siri wa mfalme walivunjwa, na mwaka haukuisha kabla mwanamapinduzi hajaunda wa kwake. Nilikuwa nimeyafundisha hayo miaka yote nikidhani ni mambo ya nchi yenye theluji.

Mbasa walianza kupanda kilimani tena. Sasa waliitwa chakula cha kamati. Samaki walipewa tu jina jipya. Na kulikuwa na tofauti moja ambayo mpaka leo inaniwasha kifuani. Chini ya Mzee Ditram wasichana walibeba maji kimya. Chini ya Bosco walitakiwa kuimba. Walipita dirishani kwangu, ndoo kichwani, shingo zimekaza, wanaimba kwamba wako huru, na mjumbe wa kamati yuko pembeni anaangalia nani hafungui mdomo.

Mwaka uliofuata nilifika kwenye mada yetu na kidato cha sita. Nilivuta uzi na mwanafunzi mmoja, tukagawa ubao, nikauliza yale maswali matatu. Watoto walijibu vizuri. Nilikuwa nageuka kuandika kazi ya nyumbani Anjela aliposimama.

"Mwalimu, naomba kuongeza mstari."

"Upi?"

"Wa huku kwetu."

Ningeweza kumwambia akae. Nilimpa uzi. Alimwita mwenzake ashike ncha ya pili, akapiga mstari wa pili, akagawa nafasi ile mpya juu na chini. Juu akaandika, enzi ya kwanza. Chini, enzi ya pili. Kisha akajibu maswali yale yale bila kutaja jina la mtu. Nani anakula kwanza: kilimani, kilimani. Nani anabeba: wasichana, wasichana. Anayesema hapana yuko wapi. Hapo akaandika juu: anapewa zamu. Chini akaandika: tutaona.

Darasa halikucheka. Mjumbe wa kamati alikuwa dawati la tatu kutoka mlangoni, na hakuwa na haja hata ya kujificha.

Tuliona asubuhi iliyofuata. Mkuu alimwita Anjela mbele ya shule, akasema kuna kibaraka wa utawala wa Ditram miongoni mwetu, mtu anayewaonea wivu wanafunzi uhuru wao. Alisimamishwa masomo, na mtihani wa taifa ulikuwa unakaribia. Kibaraka wa Ditram ndiye yule aliyemvuta Tumaini kutoka kinywani mwa mamba. Nilitazama walimu wenzangu. Walitazama viatu vyao. Viatu vya walimu havina cha kutazamwa.

Nilimfuata Bosco ofisini bila kubisha hodi.

"Dada Romana, kaa," alisema.

"Sikai. Huyu mtoto umemsimamisha kwa kosa gani?"

"Unajua kosa. Na unajua limetokea kwenye kipindi chako." Hakupaza sauti. "Mimi na wewe tulitoka pamoja kwenye kile chumba. Ningetegemea wewe uelewe. Tunajenga. Anayejenga hawezi kumsikiliza kila anayetupa jiwe."

"Hakutupa jiwe. Amejibu swali."

"Swali lako linawapa silaha maadui wa shule hii."

"Nilipoliuliza juu ya Ditram, pale kibarazani kwangu, wewe ulipiga makofi."

"Ditram alikuwa dhalimu. Yeye alitaka maji ya kuoga. Mimi nataka ukumbi wa watoto hao hao. Huoni tofauti?"

"Naiona," nilimwambia. "Ditram hakuwalazimisha waimbe."

Alifungua faili lililokuwa mezani. Kisha akasema niwahi kipindi.

Baba yake Anjela alishuka kutoka Kingerikiti, mzee mpole, kofia mkononi. Alikaa nje ya ofisi kutwa nzima kabla ya kuitwa. Sharti alilopewa lilikuwa jepesi kusikia: binti asimame mstarini aseme alipotoshwa na mwalimu wake wa Historia, arudi darasani siku hiyo hiyo. Mzee alikuja nyumbani kwangu na binti yake. Aliona aibu kuniambia, akanisalimia mara mbili.

"Mwambie akubali," nilimwambia. "Mimi sina cha kupoteza, Baba. Mtihani ni wake."

"Anjela, umemsikia mwalimu," mzee alisema. "Ni maneno tu, mwanangu. Sema maneno, ufanye mtihani."

Anjela alikuwa amekaa kwenye mkeka, anatazama mikono yake.

"Baba, mimi nilikuwa nimemshika Tumaini," alisema. "Nilisikia mfupa. Wanataka niseme sijui ninachosema."

Mzee hakubishana naye. Waliondoka asubuhi, sanduku la bati kichwani kwa baba, na nilisimama barabarani hadi wakapotea kwenye kona ya mlima. Nilikwenda ofisi za elimu kumtetea. Ofisa aliyenipokea alikuwa mtu mstaarabu, alinipa hata soda. Aliniambia mkuu wangu ni mfano wa kuigwa, ukumbi unapanda, wageni wanaletwa kuuona, na kwa msichana mmoja hatuwezi kumvunja moyo kiongozi. Niliiacha soda mezani. Hiyo ndiyo ilikuwa jeuri yangu yote, na haikumsaidia mtu.

Siku ya Ukombozi ikafika. Wageni walikaa kivulini mbele ya kuta za ukumbi ambao haukuwa na paa. Kwaya iliimba. Mkuu alihutubia, akafika pale anapofika kila mwaka, ambapo Tumaini na mama yake hupandishwa jukwaani. Tumaini alikuwa ameshamaliza kidato cha nne, anaishi na mama yake kijijini. Waliitwa. Aliyepanda ni mama peke yake. Mkuu alimpa kipaza sauti, maana kila mwaka alisema neno moja, asanteni, akashuka.

Alikishika kama mtu anayeshika samaki asiyemjua.

"Mwanangu hatapanda hapa tena," alisema. "Yuko nyumbani. Mmemuonyesha vya kutosha."

Mkuu alisogea, bado anatabasamu. Mama hakumtazama.

"Mnatuambia yale yalikuwa maji ya dhuluma, na haya ni maji ya ukombozi. Jana nimewaona watoto penye matete wanachota. Mamba hakuuliza maji ni ya nani." Alikabidhi kipaza sauti, akashuka ngazi, akapita katikati ya wageni, akaenda hadi yalipopangwa matofali. Pale kulikuwa na ndoo za wasichana. Akachukua moja. Mama mwingine akainuka kwenye nyasi, akachukua ya pili. Hawakugombana na mtu. Walibeba ndoo zote, wakaenda nazo kijijini, na kutoka siku hiyo msichana aliyetumwa maji aliambiwa na akina mama wale akatae, na wao wangekuja wenyewe kujibu. Kazi ya matofali ilikufa. Kuta zile zilisimama bila paa hadi mvua zikazila.

Ningependa kuwaambia kwamba haki ilitendeka. Maji yalikoma, ndiyo, na hilo walilifanya wanawake wanaokausha usipa. Anjela hakurudishwa. Wenzake walifanya mtihani, dawati lake tupu. Mimi nilihamishiwa Liparamba kabla ya mwaka kuisha, ambako tembo wa pori la akiba walivuna mahindi yangu mara mbili. Tembo nao hawakuuliza, lakini angalau hawakutoa hotuba. Na Bosco alipanda cheo. Alipanda tena. Nilikuwa nasikia jina lake redioni nikiwa nachambua mboga.

Anjela alifanya mtihani miaka miwili baadaye, Mbinga, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Alisoma peke yake katikati ya msimu wa kuchuma kahawa. Alifaulu, ila si kwa alama ambazo angepata akiwa darasani na walimu na wenzake. Chuo kikuu kilimpita. Alisomea ualimu wa msingi, na anafundisha watoto wadogo kusoma, kazi ambayo ninyi na mimi hatuiwezi. Hasira yangu hapo haina mahali pa kukaa. Nilimfundisha, najua alikuwa wa kufika wapi.

Miaka yangu ya mwisho ilikuwa hapa Mbinga mjini. Kila mwaka mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Sasa Mwalimu, kati ya hawa wawili, yupi afadhali?" Wanataka jibu la mtihani. Niliwaambia ninavyowaambia ninyi. Mfalme alininyang'anya jasho langu, lakini nilijua ni jasho langu na nilijua amelichukua yeye. Ndiyo maana siku moja tuliweza kumwinukia. Mwanamapinduzi alichukua jasho na akachukua maneno ambayo ningemwinukia nayo. Uhuru, umoja, sisi, yote aliyapeleka ofisini kwake akayafungia. Simpendelei mfalme. Tumaini alipoteza mguu chini ya mfalme. Lakini yule mwingine ndiye ninayemkasirikia, kwa sababu nilimwamini, na kwa sababu alikuwepo siku ile, aliona matope yana damu, halafu akawarudisha watoto palepale.

Sherehe ya kuniaga mliiandaa ninyi, na sikuwalaumu kwa mgeni rasmi mliyemleta. Hamkujua. Mlitafuta mkubwa aliyewahi kufanya kazi nami. Mheshimiwa Bosco alikuwa amenenepa vizuri, nywele zina mvi za heshima. Aliongea kwa ile ile sauti inayofika nyuma. Alisema mimi na yeye tulisimama bega kwa bega dhidi ya dhuluma, tukawakomboa watoto wa ziwani. Alisema nimekuwa dada yake katika mapambano. Mlipiga makofi.

Nilipopewa kipaza sauti niliwashukuru wapishi, maana wao ndio waliokuwa wameamka mapema. Kisha nikamgeukia.

"Mheshimiwa, amekuja Anjela. Amekaa pale, karibu na mlango, amevaa kitenge cha bluu. Hujamsalimu."

Alitazama upande ule akitabasamu, kama mtu anayetafuta kamera.

"Anjela yupi?" aliuliza.

Alikuwa hajifanyi. Nilimfahamu mtu huyo, najua anavyodanganya, na pale hakuwa anadanganya. Kwake hakuna kilichokuwa kimetokea.

Basi nikaanza kuwaeleza wageni Anjela yupi. Nilianza na matete. Nilipofika kwenye mstari alioupiga ubaoni, mshereheshaji akazima kipaza sauti akafungulia muziki. Nimefundisha madarasa yenye watoto themanini na bati juu na mvua inanyesha. Niliendelea. Mmoja wenu, sitamtaja asije akahamishwa, alikwenda akachomoa waya wa spika. Nikamaliza: baba na sanduku la bati, dawati tupu, ndoo zilizobebwa na akina mama. Anjela hakuinuka wala hakuinamisha kichwa. Alikaa wima, anamtazama mgeni rasmi, na mgeni rasmi anatazama simu yake.

Aliondoka kabla ya chakula kupakuliwa. Dereva ndiye pekee aliyemfuata. Mliobaki mlisogeza viti, mkampisha Anjela, naye akatangulia kunawa na kupakua.